Jinsi ya kutafuta x stepu kwa stepu bila kukariri

Aljebra inaogopesha watu bure. Mtu anajumlisha vizuri, anazidisha vizuri, kugawanya yuko fresh kabisa, afu ikitokea herufi moja tu katikati ya namba anaweka peni chini. Ukimfuatilia unakuta x yenyewe haina shida, shida ni kwamba alipewa vikanuni vya haraka haraka kabla hajajua vimetoka wapi, hasa kile cha "ikivuka upande wa pili inabadilika alama", hicho nitakisema sana hapa maana ndo kinachoangusha wengi. Kwa iyo tunaanzia chini kabisa, tunaandika kila hatua hata zile zinazoonekana za kitoto, ukishazizoea utaruka mwenyewe unazotaka kuruka.

Chukua karatasi kabisa. Aljebra ya kusoma kwa macho tu unaona umeelewa, afu ukiachwa peke yako na swali unachemka.

Kwanza alama ya sawa na

Hii alama = watu wengi wanaisoma kama "jibu lake ni". Toka darasa la kwanza umeona 3 + 4 = halafu unajaza, basi kichwani imekaa kama kitufe cha kwenye kalkuleta. Ndo maana unakuta mtu anaandika kitu kama hiki:

3 + 4 = 7 × 2 = 14 − 1 = 13

Yeye alikuwa anafikiria hesabu zake kwa mfululizo, lakini alichoandika ni kwamba 3 + 4 ni sawa na 13, maana = inasema kilichopo kushoto na kilichopo kulia ni kitu kimoja, thamani ile ile. Aliyeianzisha ni mwanahisabati Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, alichoka kuandika "ni sawa na" kila mara akaamua kuchora vimistari viwili sambamba vyenye urefu mmoja, akasema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Ukiwa na hiyo picha ya vimistari viwili akilini mambo mengi yatakayofuata yanajieleza yenyewe.

Mlinganyo basi ni sentensi inayosema upande huu unalingana na ule, na ndani yake kuna namba iliyofichwa. Kutafuta x maana yake ni kuuliza ni namba gani nikiiweka hapo sentensi inakuwa ya kweli. Hakuna kingine. Na kwa nini x? Ni mazoea tu, mwanahisabati Mfaransa René Descartes mwaka 1637 alitumia herufi za mwisho za alfabeti (x, y, z) kwa vitu visivyojulikana na za mwanzo (a, b, c) kwa vinavyojulikana, watu wakafuata. Ungeweza kuandika n au k, hesabu haibadiliki.

Vitu vya kuweka sawa kabla hujaanza

3x ni 3 mara x. x peke yake ni 1x, hiyo 1 haiandikwi ila ipo, na −x ni −1x. Ukiona x/4 hapo x imegawanywa kwa 4.

Vinavyojumlishwa pamoja ni vinavyofanana tu. 3x + 5x ni 8x, sawa. Lakini 3x + 5 inabaki hivyo hivyo, sio 8x. Hapa watu wanabishana sana wakati kuna njia rahisi ya kumaliza ubishi: chagua namba yoyote uipe x, tuseme 2. 3x + 5 inakuwa 6 + 5 = 11, wakati 8x inakuwa 16. Hazilingani, basi umechapia. Hii mbinu ya kuweka namba ya kujaribia itumie popote ukiwa na wasiwasi kama ulivyorahisisha ni sahihi, haigharimu chochote na haihitaji mwalimu. Ila usijaribie na 0 wala 1, hizo zina tabia ya kufanya makosa yaonekane sahihi.

Halafu kuna MAGAZIJUTO, kifupi cha kukumbuka kipi kinaanza kwenye hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia sana ila ina mtego mmoja pale mwishoni. JU imeandikwa kabla ya TO, basi mtu akikutana na 10 − 4 + 3 anajumlisha kwanza 4 na 3 anapata 7, anatoa kwenye 10 anabaki na 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, unaenda kutoka kushoto kwenda kulia unavyozikuta.

Namba hasi pia ziwe kwenye vidole: hasi mara hasi ni chanya, hasi mara chanya ni hasi. Na −7 + 3 ni −4, sio −10. Kama hizi bado zinakusumbua simama hapa uzifanyie mazoezi siku mbili tatu kwanza, maana makosa mengi ambayo watu wanasema "sijui aljebra" ukiyaangalia ni makosa ya namba hasi tu.

Kanuni yenyewe ni moja

Ukifanya kitu upande mmoja wa alama ya sawa na, fanya kitu hicho hicho upande wa pili. Kama kushoto na kulia ni thamani moja, ukitoa 5 kote bado ni thamani moja, ukigawanya kwa 3 kote bado zinalingana. Watu hupenda mfano wa mizani na uko poa.

Tuanze na x + 7 = 12. x imejumlishiwa 7, tunataka ibaki peke yake, basi toa 7 pande zote:

x + 7 − 7 = 12 − 7
x = 5

4x = 20, hapo x imezidishwa kwa 4, gawanya kwa 4 kote, x = 5. Na x/3 = 6, imegawanywa kwa 3, zidisha kwa 3 kote, x = 18. Hizi ni za kupasha misuli tu, tusikae hapa.

Sasa yenye vitu viwili:

3x + 5 = 26

Swali ambalo kila mtu anajiuliza ni naanza kuondoa nini, ile 3 au ile 5? Angalia x ilivyovalishwa. Ilianza ikiwa x, ikazidishwa kwa 3, halafu ikajumlishiwa 5. Kuivua unaanza na kilichovaliwa mwisho. Yaani unapotafuta x unaenda MAGAZIJUTO kinyumenyume, unaanza na kujumlisha na kutoa, afu ndo unakuja kwenye kuzidisha na kugawanya.

3x + 5 − 5 = 26 − 5
3x = 21
3x/3 = 21/3
x = 7

Halafu hakiki. Rudi kwenye swali la mwanzo kabisa (usirudi kwenye mstari wa pili, maana kama ulikosea mstari wa kwanza utakuwa unahakiki kosa), weka 7 pale kwenye x: 3 × 7 + 5 = 21 + 5 = 26. Imekubali. Aljebra ina huu uzuri ambao masomo mengi hayana, unajua kama umepata kabla hata hujapeleka kwa mtu asahihishe, na sielewi kwa nini watu hawatumii hii nafasi. Sekunde kumi tu.

Ungeanza kugawanya kwanza ingewezekana? Ndiyo, ila ni lazima ugawanye kila kitu, ikiwemo ile 5, inakuwa x + 5/3 = 26/3. Jibu litatoka lile lile 7 ila umejiletea sehemu bila sababu.

Kwa nini "ikivuka inabadilika alama" inaangusha watu

Kwenye 3x + 5 = 26 mtu wa kukariri anasema 5 inavuka inakuwa −5. Jibu linatoka sahihi, kwa hiyo anaamini. Mstari unaofuata ana 3x = 21, na kichwani ana kanuni moja tu, ikivuka inabadilika, basi wapo wanaoandika x = 21 − 3 wanapata 18, na wapo wanaoandika x = 21/−3 wanapata −7, maana 3 "imevuka" lazima ibadilike alama. Nimeyaona yote mawili mara nyingi sana na mwenyewe anakuwa na uhakika kabisa.

Hakuna namba inayovuka. Ile 5 haikwenda popote, tulitoa 5 kushoto ikaisha, tukatoa 5 kulia ndo ikaonekana −5 upande wa pili. Ile 3 haijajumlishwa kwa x, imezidishwa, kwa hiyo kinachoiondoa ni kugawanya na ile 3 ni chanya inagawanya ikiwa chanya vile vile. Ukishaelewa hivi, sawa, tumia mkato wako ukiwa na haraka kwenye pepa, lakini mpaka ufike hapo andika −5 pande zote mbili kila mara, hata kama mwenzako anakucheka kwamba una mistari mingi.

x ikiwa pande zote mbili

7x − 4 = 3x + 16

Hapa watu wanagwaya lakini 3x nayo ni namba, tunaweza kuitoa kote kama tulivyotoa 5. Toa 3x pande zote:

4x − 4 = 16
4x = 20 (nimejumlisha 4 kote)
x = 5

Hakiki pande zote mbili kila mmoja kivyake: kushoto 35 − 4 = 31, kulia 15 + 16 = 31. Safi.

Ushauri wangu, ondoa ile x yenye namba ndogo, hata kama ipo kushoto. Mfano 2x + 9 = 5x − 9, wengi wamezoea x lazima ibaki kushoto basi wanatoa 5x wanapata −3x + 9 = −9 na kuanzia hapo wanapambana na hasi mpaka mwisho. Toa 2x:

9 = 3x − 9
18 = 3x
6 = x

6 = x na x = 6 ni kitu kimoja, rudi kwenye vile vimistari viwili, kushoto na kulia havina mkubwa.

Mabano, na ile minus iliyosimama mlangoni

Hapa tukae kidogo maana ndo maksi nyingi zinapopotelea. Mabano ya kawaida yako shwari, 3(x + 4) unaizidisha 3 kwa kila kilichomo ndani, 3x + 12. Kosa la kawaida ni kuzidisha cha kwanza tu na kuandika 3x + 4. Balaa lenyewe linaanza minus ikiwa mbele:

14 − 2(x − 3) = 8

Kuna njia mbili za kuharibu hili swali na zote zinavutia. Ya kwanza ni kuona 14 − 2 ukafurahi ukaandika 12(x − 3) = 8. Hiyo 2 imeshikana na mabano kwa kuzidisha, na kuzidisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo 14 haiwezi kuigusa mpaka mabano yafunguliwe. Ya pili ni hii:

14 − 2x − 6 = 8

Hapo mtu amekumbuka minus kwa x tu, akifika kwa −3 ameshaisahau. Ukiendelea nayo unapata 8 − 2x = 8 na x = 0, na kwa kuwa sifuri ni jibu linalokubalika mtu anapiga mstari chini anaenda swali linalofuata. Lakini hakiki: 14 − 2(0 − 3) = 14 − 2(−3) = 14 + 6 = 20. Swali limesema 8. Imekataa.

Namna sahihi ni kuichukulia −2 kama namba moja, minus na mbili yake pamoja, afu uizidishe kwa kila kilichomo. −2 mara x ni −2x. −2 mara −3 ni +6.

14 − 2x + 6 = 8
20 − 2x = 8
−2x = −12
x = 6

Hakiki: 14 − 2(6 − 3) = 14 − 2(3) = 14 − 6 = 8. Imekaa.

Na ikitokea minus peke yake mbele ya mabano, kama 10 − (x − 4), hiyo ni −1 mara mabano, inatoka 10 − x + 4. Andika ile 1 kwa penseli kama inakusaidia, hakuna anayekukataza.

Sehemu

Watu wanachukia sehemu, basi ziondoe mapema. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zote, yaani zile namba za chini ya sehemu, zidisha kila kitu kwa hiyo, sehemu zinakufa.

x/2 + x/3 = 10

KDS ya 2 na 3 ni 6. Zidisha kila kipande kwa 6: 6 × x/2 ni 3x, 6 × x/3 ni 2x, 6 × 10 ni 60.

3x + 2x = 60
5x = 60
x = 12

Nikisema kila kipande namaanisha na ile 10 pia, ile namba iliyokaa peke yake bila sehemu ndo inasahaulika kuliko zote, mtu anaandika 5x = 10 anapata x = 2 na hashtuki.

Sasa yenye juu kumejaa:

(x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 3

Ule mstari wa sehemu ni mabano ya siri, kila kilicho juu yake kinakwenda pamoja. Kwa hiyo kabla hujazidisha kwa 6 weka mabano ya kweli:

3(x + 1) − 2(x − 2) = 18
3x + 3 − 2x + 4 = 18
x + 7 = 18
x = 11

Ile +4 imetoka kwenye −2 mara −2, ile minus ya mlangoni imerudi. Hakiki: 12/2 ni 6, 9/3 ni 3, 6 − 3 = 3. Poa.

Desimali ni mchezo ule ule, 0.4x + 1.5 = 3.1 zidisha yote kwa 10, inakuwa 4x + 15 = 31, x = 4.

Angalizo moja tu: haya ya kuua sehemu yanafanyika kwenye mlinganyo, penye alama ya sawa na. Ukiambiwa "rahisisha x/2 + x/3" hakuna upande wa pili wa kuzidisha, ukizidisha kwa 6 umebadilisha swali. Hiyo inabaki 5x/6.

x ikipotea

Kuna siku unarahisisha na x inaisha yote. Usichanganyikiwe, angalia kilichobaki. 2(x + 3) = 2x + 6 inaishia 6 = 6, ambayo ni kweli siku zote, basi namba yoyote ni jibu. 2x + 3 = 2x + 8 inaishia 3 = 8, uongo, basi hakuna jibu. Na usichanganye "hakuna jibu" na x = 0, sifuri ni namba kamili kabisa na ni jibu kama majibu mengine.

Mafumbo, yaani maswali ya maneno

Wengi wanaona haya ni adhabu iliyoongezwa baada ya hesabu za kawaida. Kihistoria ni kinyume. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika huko Baghdad karne ya 9, alifanya aljebra yake yote kwa maneno matupu, hana x wala alama ya sawa na, hata namba anaziandika kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu kugawa mirathi. Mbinu zake kuu mbili ni hizi hizi tulizofanya, kilichotolewa unakirudisha kwa kukijumlisha pande zote, na vinavyofanana pande mbili unavipunguza. Alama zimekuja baadae kufupisha.

Fumbo lisome lote mara mbili kabla ya kuandika chochote. Mara ya kwanza ujue hadithi, mara ya pili utafute nini kinaulizwa. Halafu andika sentensi kamili: "x iwe miaka ya mtoto sasa". Usiandike "x = mtoto". Hii inaonekana kama nakuchosha tu ila angalia mfano huu: kwenye chuo kuna wanafunzi mara 6 ya walimu, W ni idadi ya wanafunzi, M idadi ya walimu. Watu wazima wenye akili zao wanaandika 6W = M kwa sababu sentensi inasikika hivyo, wanafunzi sita kwa mwalimu mmoja. Weka namba ujaribu: walimu wakiwa 10, wanafunzi ni 60. Je 6 × 60 = 10? Hapana. Ni W = 6M. Herufi inasimama badala ya idadi, haisimami badala ya mtu.

Maneno mengine ya kuangalia ni "pungufu ya". "5 pungufu ya mara tatu ya namba fulani" ni 3x − 5, mpangilio unageuka. Kwenye kujumlisha ukigeuza haidhuru, kwenye kutoa umeumia.

Tufanye la umri, haya yanapendwa sana na watunga mitihani. Mama ana umri mara tatu ya mwanae. Baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya mwanae. Mtoto ana miaka mingapi sasa?

x iwe miaka ya mtoto sasa. Mama ana 3x. Baada ya miaka 12 mtoto ana x + 12 na mama ana 3x + 12, wote wameongezeka, wengi wanamwongezea mmoja tu kana kwamba mwingine amesimamishwa. Wakati huo mama ni mara mbili ya mtoto:

3x + 12 = 2(x + 12)
3x + 12 = 2x + 24
x + 12 = 24
x = 12

Mtoto 12, mama 36. Kuhakiki fumbo unarudi kwenye hadithi yenyewe, maana mlinganyo ulioandika wewe unaweza kuwa ndo ulikosewa: 36 ni mara tatu ya 12, ndiyo. Baada ya miaka 12 watakuwa 48 na 24, mara mbili, ndiyo.

Jingine, namba tatu kamili zinazofuatana jumla yake ni 72. Kawaida watu wanaandika x, x + 1, x + 2, inatoka 3x + 3 = 72 na x = 23, basi ni 23, 24, 25. Iko sawa. Ila ukiita ile ya katikati x, unapata (x − 1) + x + (x + 1) = 72, ile −1 na +1 zinafutana, 3x = 72, x = 24, kwisha habari. Unayo ruhusa ya kuchagua x iwe nani, chagua itakayokupa kazi ndogo.

La mstatili: urefu unazidi upana kwa sentimita 5 na mzingo ni sentimita 38. Upana uwe x, urefu x + 5, mzingo ni mara mbili ya jumla yao:

2(x + x + 5) = 38
2x + 5 = 19 (nimegawanya kote kwa 2)
x = 7

Upana sm 7, urefu sm 12. Wengine wanaishia x = 7 wakati swali liliuliza urefu au eneo, kwa hiyo kabla hujafunga rudi uone uliulizwa nini.

Vikiwa viwili visivyojulikana

x na y zikiwa pamoja unahitaji milinganyo miwili. Mkakati ni kumfukuza mmoja ubaki na kile ulichokwisha kujua kufanya. Ukiwa na x + y = 17 na x − y = 5, jumlisha milinganyo yote miwili, +y na −y zinafutana, 2x = 22, x = 11, na y ni 6.

Isipofutana kirahisi, mbadilishe mmoja. 2x + 3y = 19 na x − y = 2. Kutoka wa pili, x = y + 2. Ingiza kwenye wa kwanza, na weka mabano:

2(y + 2) + 3y = 19
5y + 4 = 19
y = 3

Na x = 3 + 2 = 5. Hakiki kwenye yote miwili: 10 + 9 = 19, 5 − 3 = 2.

Jipime

Fanya haya bila kuangalia majibu, kila moja ulihakiki mwenyewe kwanza.

1) 5x − 8 = 27
2) 9 − x = 13
3) 6x + 1 = 2x − 11
4) 3(2x − 1) − 4(x − 5) = 25
5) x/4 − x/6 = 2
6) (2x + 3)/5 = (x − 1)/2
7) Namba mbili jumla yake ni 50, kubwa ni mara nne ya ndogo.

Majibu: 7, −4, −3, 4, 24, 11, na la mwisho ni 10 na 40. Ukikosa la 2 ni kwamba ulifika −x = 4 ukaona kama x, bado kugawanya kote kwa −1. Ukipata la 4 kuwa 24, ile −4 uliizidisha kwa −5 ikatoka −20, rudi kwenye minus ya mlangoni. La 5 likitoka 2 basi ile 2 ya kulia hukuizidisha kwa 12. Na la 6 likikusumbua, mabano ya siri hukuyaweka kabla ya kuzidisha kwa 10.